Majina Nyuma ya Picha

Mwezi uliopita nilimpokonya mjukuu wangu simu. Ndiyo, mimi mzee wa kanisa, nilimnyang'anya msichana wa chuo kikuu simu yake mbele ya soja wa geti, nikaitia ndani ya mkoba na kufunga zipu. Nakwambia mapema usije ukasikia kwa watu kwamba nimeanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Nina hasira, tena hasira ya zamani, na leo nitakueleza ilikotoka.

Tulikuwa tumeenda Ruiru, upande ule wa kuelekea Thika, kwa sababu alitaka nimwonyeshe nilikolelewa. Nilimwambia hakuna kitu huko. Akashikilia, basi tukaenda. Palipokuwa na shamba la kahawa la Mzungu, mistari kwa mistari hadi macho yachoke, sasa pana nyumba za ghorofa zilizobanana, ukuta mrefu na geti jeusi. Kwenye geti wamechora kichwa cha mbwa, meno nje, na chini yake wameandika MBWA KALI. Soja akatutaka vitambulisho. "Mama, bila kitambulisho hauingii," akasema, kwa adabu, sitamsingizia. Nikiwa napekua mkoba nikaona kwamba chini ya mchoro ule amelala mbwa wa kweli, mwekundu, mbavu zinahesabika, sikio moja limepasuka. Soja akasema huyo hana mwenyewe, na kamati ya nyumba imeshaamua aondolewe Jumamosi. Mjukuu wangu akasema woi, maskini, akainua simu ampige picha awaonyeshe watu. Hapo ndipo nilipomvamia.

Nililelewa na nyanya yangu, mama yake baba, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba hilo miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Mama alikuwa mpishi kwa watu fulani Thika na alikuja mara moja kwa mwezi. Baba alikuwa amekamatwa barabarani kwa kukosa pasi. Pasi alikuwa nayo, yenye picha yake na alama ya kidole chake, ila siku hiyo aliisahau ndani ya koti jingine. Nyanya alikimbia na lile koti mkononi hadi kituoni, wakamwambia amechelewa. Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja alilolirudia akichambua maharagwe, akichota maji, hata kanisani kabla ya sala: "Mwanangu alikuwa na uso wake wote, na bado walisema hawamjui."

Utanisikia nikilia juu ya mbwa, ukasema huyu mama ana wazimu, watu walikuwa wanafungwa na yeye analilia mbwa. Nimeshaambiwa hivyo. Lakini mtoto wa miaka tisa analilia alichokuwa nacho, na mimi nilikuwa na mbwa wanne.

Hakuna hata mmoja tuliyemtafuta. Mkonge tulimkuta kwenye shamba la katani, mguu umenasa kwenye tanzi la waya, amejitafuna hadi mfupani. Debe aliokolewa mtoni ndani ya gunia, akiwa mdogo kuliko kiatu, akalelewa ndani ya debe lililotoboka. Karani alikuwa mweusi mwenye kifua cheupe kama shati la karani wa ofisi, na alikuja mwenyewe, mzee, baada ya mlinzi wa shamba jirani kumfukuza kwa kushindwa kubweka. Wa nne alikuwa Memsabu. Huyo aliachwa na Wazungu waliohama, wakabeba viti na mapazia na kinanda, mbwa wakamwacha kwenye ngazi. Masikio yake yalikuwa marefu ya kuburura, na wiki ya kwanza alitazama ugali wetu kama mtu aliyetukanwa. Nyanya alimwambia kwa Kikuyu, atiriri, yaani sikiliza, wewe sasa ni wa kwetu, kula. Akala.

Nikikumbuka nyumba ile nasikia kwanza harufu. Maganda ya buni yakioza nyuma ya mashine ya kumenyea, harufu chachu inayoingia hadi kwenye nywele, na mbwa wetu wote walinuka hivyo hivyo kwa sababu walipenda kulalia rundo lile lenye joto. Asubuhi kipande cha reli kiligongwa, watu wakaenda kuchuma. Mimi nilichota maji, nikapika uji, nikawagawia mbwa ukoko wa githeri, yale mahindi na maharagwe yetu, kwenye vipande vinne vya chungu kilichovunjika, kila mmoja na chake. Hakuna aliyeruhusiwa kula kabla jina lake halijaitwa. Nyanya alikuwa mkali kwa jambo hilo. Ukiita "Debe," anakuja Debe peke yake, wengine wanameza mate. Niliwafundisha mimi, na nilijivunia kazi hiyo kuliko hesabu za mwalimu.

Basi asubuhi moja nyapara akatangaza, baada ya reli kugongwa, kwamba kuna kichaa cha mbwa, na tena mbwa wa kambi wanawasumbua askari wa doria. Mbwa atakayekutwa Jumamosi ya wiki ijayo bila kujulikana ni wa nani atapigwa risasi. Watu walinung'unika wakaenda zao. Waliokuwa na mbwa walijua la kufanya, yaani kuwaficha kwenye miwa bondeni, mtoni, mpaka upepo upite. Nyanya hakutaka kuficha. Alikuwa amekaa na jambo la baba kifuani miezi mingi, na sasa akaona amelielewa. Alisema serikali hii haitazami uso, inatazama picha ya uso. Kama wanataka mbwa wajulikane, watajulikana. Atawapigia picha za pasi.

Usicheke. Mimi mwenyewe sicheki.

Jirani yetu, mtu wa kutoka magharibi huko Kakamega, fundi wa mashine ya kumenya buni, alikuwa na kamera ya sanduku. Jumapili baada ya ibada aliwapiga watu picha mbele ya shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Nyanya alipomweleza alivua kofia, akakuna kichwa, akasema, "Mama, hata waumini hawatulii, sembuse mbwa?" Lakini Debe alikuwa akimpokea kila jioni akitoka kazini, na hakuweza kukataa. Kwenye filamu yake palibaki picha tano.

Ilichukua Jumapili nzima. Nyanya aliweka kigoda mbele ya shuka na kuwaita mmoja mmoja. Karani alikaa kwa heshima zake, akatazama mbele, utadhani anasubiri mshahara. Mkonge hakukubali kigoda kwa sababu ya mguu, ikabidi nimshikilie kiunoni huku nimejikunja chini nisionekane. Memsabu aligeuza uso kila kamera ilipoinuliwa. Jirani alijipaka mafuta ya nyama kwenye kidole akakiweka juu ya kamera, na ndipo Memsabu alipotazama mbele. Debe alikwenda kulamba kioo. Kambi nzima ilikusanyika ikicheka, na nyanya, ambaye sikuwa nimemwona akicheka tangu baba achukuliwe, alicheka mpaka akakaa chini. Picha ya tano jirani akasema ni yake ya zawadi, akatupiga sote pamoja.

Picha zilisafishwa kwenye duka la Mhindi Thika, zikarudi siku chache kabla ya ile Jumamosi. Nyanya akatoa mikebe yake minne ya ugoro, akaikung'uta, akaitoboa matundu na kuitia kamba. Babu yangu enzi zake alivaa kipande, ile pasi ya kazi ya Wazungu, shingoni ndani ya mkebe wa bati, na alikufa akisema wamemfunga kengele kama mbwa. Nyanya alikumbuka hilo. Alisita na kamba mkononi, kisha akawafunga mbwa shingoni. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nasoma, nikaambiwa niandike majina nyuma ya kila picha kabla haijatiwa mkebeni. Niliandika kwa hati yangu nzuri kabisa, kwa wino wa shule: Karani. Mkonge. Debe. Memsabu.

Ijumaa mchana nyapara alipita na Mzungu msaidizi wa shamba, kutazama kambi. Nyanya alikuwa kwenye kahawa. Mimi nilikuwa mlangoni. Wangepita tu, nakwambia, walikuwa wameshapita. Ni mimi niliyewakimbilia. Nikawaita mbwa kwa majina, wakaja mmoja mmoja, nikafungua mikebe na kuwaonyesha wageni picha, na majina nyuma. Nyapara alicheka kwanza. Mzungu akachukua picha, akazigeuza, akacheka hadi akafuta macho. "Mzuri sana," akasema kwa Kiswahili chao kile. "Hii nakaa kama mtu." Akanishika kichwa. Kisha akatia picha zote nne mfukoni mwa shati, wakaenda. Nilidhani anapeleka ofisini kugonga muhuri.

Nyanya aliporudi nikamweleza nikirukaruka. Aliweka kikapu chini. Hakuniuliza kitu ila kimoja, kama picha wamerudisha. Nikasema hapana. Alfajiri ya Jumamosi aliwachukua mbwa wote akawapeleka bondeni, kwenye miwa, walipokuwa wengine.

Walikuja saa nne asubuhi, nyapara na msaidizi na askari wawili wenye bunduki. Mbwa wa watu wengine hawakuonekana hata mmoja, wala hakuna aliyewatafuta, kwa sababu hakuna aliyejua sura zao. Wa kwetu walikuwa na picha. Nyapara aliwakusanya watoto akawaonyesha, akiuliza nani amemwona huyu. Na watoto, wenzangu niliocheza nao, hawakuwa na ubaya. Hawakuwa wameona picha nyingi maishani. Walifurahi kuwatambua, wakaonyesha kidole bondeni.

Nyapara alisimama ukingoni mwa miwa, akageuza picha ya kwanza nyuma, akasoma hati yangu. Akaita, "Karani!" Na Karani akatoka kwenye miwa akitikisa mkia, kwa sababu jina lake lilikuwa limeitwa. Akaitwa Mkonge, akatoka akichechemea. Akaitwa Debe. Mmoja mmoja, kama nilivyowafundisha, wengine wakingoja zamu yao.

Memsabu hawakumpiga risasi. Msaidizi alimtazama masikio, akasema huyu ni wa mbegu nzuri, akampandisha kwenye pikapu. Miaka miwili nilimwona akipita nyuma ya gari lile, amefungwa ukanda wa ngozi, na kila akiniona alibweka. Nilimchukia. Nakwambia ukweli, nilimchukia mbwa kwa kosa la kubaki hai. Nyapara naye aliishi hadi uzee, akapewa cheo kanisani, na kwenye mazishi yake walisema alikuwa mtu wa watu. Nilikuwa nimekaa mstari wa tatu. Niliinuka nikatoka, na watu wakadhani nimezidiwa na uchungu.

Nyanya aliwazika watatu nyuma ya mashine, kwenye yale maganda ya joto waliyoyapenda. Alifungua mikebe shingoni, akaiosha, wala hakuwahi kutia ugoro ndani yake tena. Mimi nilikuwa nimejificha chini ya kitanda. Alipiga magoti akanitazama humo.

"Hukukosea wewe," alisema. "Ulidhani mtu akicheka amekubali."

Hakulitaja jambo hilo tena mpaka kufa. Baba alirudi, tukahama, kahawa ikang'olewa. Mashine imekwenda, miwa imekwenda, na ule mto umekuwa mfereji wa maji machafu. Jirani alirudi kwao magharibi na kamera yake. Nimebaki na picha ya tano. Nyanya amekaa katikati, amemshika Debe shingoni, mimi nimefumba macho kwa jua, Memsabu anatazama pembeni, na chini kwenye udongo kuna kivuli cha jirani mwenye kofia. Nyuma yake sijaandika kitu.

Yote haya nilimwambia mjukuu wangu pale getini, tumesimama, gari letu linanguruma. Soja naye alisikiliza, kitambulisho changu mkononi. Nilihesabu kwa macho kutoka mtoni nikaona kwamba nyuma ya mashine ni hapohapo, palipo na kibanda chake na ule mchoro wa meno. Msichana alikuwa analia. Alisema, "Shosho, nirudishie tu simu, nitaweka picha yake, mtu mzuri ataona amchukue."

"Mtu gani?" nikamuuliza. "Sisi si tumeshamwona?"

Nilimwambia asimpige picha. Nilimwambia afungue mlango wa nyuma. Mbwa yule mwekundu aliinuka polepole, akatufuata, akapanda, akalala kwenye kiti na matope yake yote. Soja akanirudishia kitambulisho, akauliza, kwa kutaka tu kujua, huyo mbwa ataitwa nani.

Nikamwambia jina lake tutalijua mbwa na mimi tu.