Pipa la Buluu na Mguu Wangu wa Kushoto

Nimechoka na watu wanaoniuliza habari za mguu wangu huku macho yao yako kwenye kreti za nyanya. Sokoni Kakamega wananisalimia vizuri, "Omwami, mguu unaendeleaje?" halafu wanabonyeza nyanya zangu, wananusa, wanaenda kununua kwa jirani. Basi nitaandika mwenyewe. Wanaosimulia hawakuwa wodini, na wengi wao wananyunyiza vitu vibaya kuliko nilivyonyunyiza mimi.

Kwanza mjue mnayemsema ni nani. Niliacha shule darasa la sita na sikulia. Nilikata miwa Ekero miguu mitupu, juu ya visiki vilivyochongoka kama misumari, mpaka wenzangu wakasema nina kwato. Wao walipokuwa wakinywa mshahara, mimi nilikodi kipande cha bonde upande wa Shinyalu, penye kijito, nikapanda nyanya. Leo nusu ya bonde ni yangu. Pikapu ni yangu, nyumba ina vigae, na mwalimu aliyenichapa kwa kutojua hesabu ananiombanga lifti. Sisemi haya kujisifu. Ni kweli, na kama ukweli unanisifu, hilo si kosa langu.

Nyanya si zao la mtu mwoga. Baridi, yaani ule ukungu wa majani, ikiingia, majani yanageuka meusi kana kwamba umeyapitishia moto. Kuna mnyauko, mmea unalala asubuhi moja na hauamki tena. Kuna viwavi wadogo wanaokula jani kwa ndani. Mtu wa shule atakwambia kila ugonjwa una dawa yake, kipimo chake na siku yake. Mimi nilikuwa na pipa.

Lilikuwa pipa la buluu, limekaa kando ya kijito. Ndani yake nilitia unga wa buluu wa kuzuia baridi, sumu ya viwavi, mbolea ya majani, na mwisho vijiko vya ule unga wa manjano ambao watu huwapa kuku wakiharisha. Huo wa kuku ndio ulikuwa siri yangu dhidi ya mnyauko. Nilikoroga kwa fimbo, nikajaza pampu ya mgongoni, nikaingia shambani bila viatu, kwa maana nilikuwanga nasema kwamba mkulima anayevaa viatu shambani kwake ni mgeni. Pampu ilivuja. Matone yalishuka mgongoni, yakafuata mguu hadi kisiginoni, na sikujali. Nikimaliza, kilichobaki nilimwaga mferejini, na mferejini humo ndimo nilimonawa miguu.

Watu walitoka mbali kuja kuomba mchanganyiko wangu. Niliwapa kwenye vibuyu vya plastiki vya mafuta ya kupikia, nikawaambia wasinitaje. Walinitaja kila mahali, na nilifurahi.

Nani alinifundisha? Mwenye agroveti, duka la dawa za mashamba, pale senta. Yeye ana cheti ukutani, kimewekwa kwenye kioo. Alinieleza kwa kinywa chake kwamba dawa ikikataa niongeze, na ikikataa tena nichanganye. Kila nilipoegesha pikapu mbele ya duka lake alitoka nje kunipokea kama mkwe. Mimi darasa la sita ningejua nini zaidi ya mtu mwenye cheti?

Sasa niwaambie kuhusu ndugu mdogo wa mke wangu. Mashemeji huku kwetu tunaitana mulamwa, na mulamwa ana ruhusa ya kukutania hadi uumie. Huyu wangu ni afisa wa kilimo mjini. Jumapili moja alikuja kututembelea baada ya kanisa, tukamchinjia ingokho, na kabla mchuzi haujapoa alikuwa ameshuka kijitoni na kurudi, paja la kuku bado liko mkononi.

"Mulamwa," akasema, "lile pipa ni la dawa ama unapika chang'aa?"

Nilicheka, kwa sababu ndiyo desturi. Yeye hakuishia hapo. Alieleza kwamba udongo umejaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kila ninapovinyunyizia vingi vinakufa, lakini vile vichache vinavyobaki ndivyo vinavyozaana. Alisema unga wa kuku ni ndugu wa dawa tunazopewa hospitalini, na vikishauzoea kwenye pipa langu vitakuja kuidharau dawa ya mtu mgonjwa. Nilimwambia nyanya haziugui malaria. Ndipo akasema neno lililonichoma.

"Wewe hulimi nyanya tu. Unafuga vijidudu sugu, na unavilisha vizuri."

Alisema hivyo mbele ya mke wangu na watoto wangu, nyumbani kwangu, akiwa ameshika kuku wangu. Nilimwambia amalize obusuma, ugali wake, aende. Nikamwongezea kwamba tangu aajiriwe sijaona mche hata mmoja wa sukuma alioupanda ukakomaa, na shati lake la ofisi halijui jasho. Aliweka paja kwenye sahani bila kulimaliza, akaondoka. Kwetu mtu akiacha kuku wa shemeji yake hivyo, amekutukana. Hatukusalimiana tena.

Msimu uliofuata viwavi walinyunyiziwa na wakaendelea kula. Niliongeza sumu. Mnyauko ulirudi, nikaongeza unga wa manjano. Nililaumu mvua, nikamlaumu jirani, nikasema mulamwa aliliangalia pipa langu kwa jicho baya.

Ilikuwa siku ya kusimika miti ya kushikilia nyanya. Nilikanyaga kijiti kilichochongoka, kikaingia katikati ya vidole vya mguu wa kushoto, pale ambapo hata ngozi yangu ni laini. Nilikichomoa, nikaosha mguu mferejini, nikafunga kitambaa, nikamaliza mstari wangu. Nilinunua rangi mbili dukani, vile vidonge vya kuua vijidudu anavyovijua kila mtu, nikameza mpaka maumivu yakapungua kidogo, nikaacha. Mguu ukafura. Nikanunua vingine. Ukawa na rangi ya bilinganya na harufu ambayo sitaiandika.

Mke wangu alimpigia ndugu yake simu bila kuniuliza. Mulamwa alifika, hakunisalimia, akanibeba mgongoni kama gunia la mahindi, akaniweka kwenye pikapu yangu mwenyewe na akashika usukani. Njia nzima hadi Kakamega aliingiza gia vibaya, nami nilimwambia. Hayo ndiyo maneno pekee yaliyotutoka.

Hospitalini walinipa dawa ya kwanza ya mshipa, na mguu ukaendelea kuoza. Wakabadilisha, hali ikawa ileile. Daktari wangu alikuwa binti wa rika la kifungua mimba wangu, ana sauti ndogo isiyotikisika. Alichukua usaha, akaupeleka maabara, na majibu yaliporudi alivuta kiti akakaa. Nikajua ni mabaya, maana madaktari huwa hawakai. Alisema dawa nyingi walizozijaribu kule maabara, vijidudu vyangu havikuziogopa. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni mkulima mkubwa wa nyanya. Akaniuliza nanyunyiza nini, nikamtajia vyote, hata siri ya kuku, bado kwa fahari. Aliacha kuandika.

"Kwa hivyo unasema nyanya zangu zimeniuma?" nikamwuliza.

"Nasema sijui, mzee. Vijidudu havina kitambulisho cha kuonyesha vilikotoka. Vinaweza kuwa vya shambani, au ni vile vidonge ulivyomeza nusunusu, au hata ni vya humu wodini. Lakini shamba kama lako ni shule nzuri kwao."

Nilimwambia labda huo unga wa kuku, sawa, lakini sumu ya viwavi na unga wa buluu si dawa za binadamu, zinaingiaje katika maneno haya? Alijibu polepole, kama anayemweleza mtu mwenye hasira, na kweli nilikuwa nayo.

"Hata hizo zinaweza kuvifunza. Kijidudu kikijua kufunga mlango ili sumu yako isiingie, mara nyingine mlango huohuo unaifungia nje dawa yangu."

Kisha akaniambia lililobaki. Kulikuwa na aina moja ya sindano ambayo bado vijidudu viliiogopa. Mguu ukiitikia, vizuri. Ukikataa, wataukata chini ya goti kabla sumu haijapanda. Alisema maneno hayo na akanishika bega. Niliutoa mkono wake. Miguu hii ndiyo iliyonitoa Ekero. Sikuwa na baba wa kunirithisha kitu, nilikuwa na miguu.

Mulamwa alikuja kila siku na thamosi ya chai. Alikaa, alimimina, alisoma gazeti. Sikuweza kuvumilia. Kama angenicheka ningejua la kufanya.

"Sema basi," nikamwambia. "Ulisema, nikakufukuza. Sema umeshinda."

Alikuwa anamimina, hakuinua macho.

"Mulamwa, nikisema, mguu utapona?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi kunywa chai. Pona kwanza. Tutagombana nyumbani."

Mguu uliitikia sindano ile. Walikata vidole viwili, kile kidogo cha mwisho na jirani yake, ambavyo vilikuwa vimeshakufa, wakaniachia mguu. Mke wangu alilia wodini kwa sauti na sikumkataza.

Nyumbani tuligombana kama alivyoahidi. Mulamwa alinisomea makosa yangu yote, na nilimwacha amalize. Kisha nikamwuliza swali langu: kama alijua hivyo vyote, yeye na ofisi yake, ameshuka kwenye bonde letu mara ngapi, ukiondoa siku za kuja kula kuku? Wakulima wa bonde lote walikuwa wanachota mchanganyiko wangu na hakuna afisa aliyekanyaga matope yetu. Mwenye agroveti tulimwona kila wiki. Ndiyo sababu tulimsikia yeye. Tangu siku hiyo mulamwa anashuka bondeni, na hatupendani, lakini anashuka.

Pipa nililipasua kwa shoka. Sasa natia dawa moja kwenye pampu, kwa kipimo chake, na ni pale tu ninapoona ugonjwa. Unga wa manjano umerudi kwa kuku, na hata kwao ni mpaka mtu wa mifugo aseme. Nyanya zangu si nyingi kama zamani, na baadhi zina madoa. Ndizo mnazobonyeza na kuziacha, mkaenda kwa jirani ambaye bado anatumia mchanganyiko niliomfundisha. Nimemwambia. Anasema nina wivu.

Siku ya kwanza kutembea bila fimbo nilikwenda agroveti. Mwenye duka alitoka kunipokea, akanipa pole nyingi, akasema ameletewa sumu mpya ya viwavi, kali kuliko zote, na nikiichanganya na ile ya zamani hakuna kitakachopona.

Nilivua kandambili. Nikaupandisha mguu wa kushoto juu ya kaunta yake, chini ya kile cheti, mbele ya wateja.

"Vile vidole viwili vilivyokuwa hapa," nikamwambia, "vilisikiliza ushauri wako. Ongea na hivi vitatu vilivyobaki, uone kama vitakubali."

Mama mmoja nyuma yangu alirudisha chupa aliyokuwa ameshika. Mwenye duka aliutazama mguu, akatazama barabarani, akaniuliza kwa sauti ya chini nataka nini.

Nilitaka gambuti. Alinipa jozi bila kubishana. Ya kulia ilinikaa sawa. Ya kushoto ilikuwa na nafasi mbele, nikaijaza kitambaa, nikaikanyaga mara mbili sakafuni mwake ikaze, nikaenda shambani kwangu nimevaa viatu kama mgeni.