Monika Asiwe Monicha

Angelina wa Kihonda, yule anayedarizi vitambaa vya ukutani, hajui kutulia. Hata akila, mguu unatikisika. Siku ile ndiyo usiseme: gari la kwenda harusini Dumila lilikuwa linaunguruma nje, na Mama Bernadeta, mkulima wa karoti kutoka milimani, bado anakikagua kitambaa cha binti yake.

Kilikuwa na shairi lenye jina la bibi harusi ndani yake.

"Linaitwa akrostiki, mama," Angelina alikuwa amemweleza alipoagiza. "Soma herufi za kwanza tu, juu kwenda chini. Jina linatokea."

"Akrostiki?" Victor, fundi simu wa mlango wa pili, akadakia. "Mimi nilidhani dawa ya minyoo!"

Basi mama akashusha kidole kwenye herufi nyekundu, polepole, kama anayechambua mchele:

*Milimani tumeshuka,*
*Omba Mungu akulinde,*
*Nyumba yako iwe njema,*
*Isikose chumvi, moto,*
*Cheka nao siku zote,*
*Asubuhi na jioni.*

"Mo... ni... cha." Kidole kikasimama. "Monicha ni nani?"

"Monica, mama. Kwenye cheti kuna C."

"Hapa pameandikwa *cheka*. Che! Mimi nimemzaa Monika. Mawifi wakisoma hivi ukumbini, mwanangu atakuwa Monicha mpaka anazeeka."

Honi ikalia. Angelina akainuka, akakaa, akainuka tena. Tafuteni nanyi, wasomaji wangu: neno la Kiswahili linaloanza na C bila H kuifuata. Yeye alilitafuta wiki nzima, akaona *cheka* itapita.

"Shona K," mama akasema.

"K ya neno gani? *Kaa*? *Kula*?"

"Kula nao siku zote!" Victor akacheka. "Wakwe watakimbia."

"Wewe kijana, nyamaza." Honi tena. Mama Bernadeta akapandwa na hasira. "Na kwanza, mbona unamwambia *cheka*, kama vile bado yuko jikoni kwangu? Si anakwenda? Anayekwenda huambiwa kacheke! Kacheke huko kwao!"

Nadhani ndipo alipohisi kwamba binti anaondoka kweli.

Angelina hakungoja. Wembe ukafumua mstari, sindano ikaingia, uzi mwekundu ukiwa bado menoni. Dereva alikuja kugombana, akaishia kushika mkasi. *Kacheke nao daima.* Matundu ya ile C yalionekana kidogo pembeni mwa K, basi tena.

Mama akapitisha kidole. "Mo... ni... ka." Akakikunja kitambaa, akakikumbatia, akapanda gari bila kuaga.

Angelina akabaki mlangoni, mguu ukitikisika.

"Fundi," Victor akaita, "kuna dada hapa, anataka akro-minyoo yako. Jina Cecilia."

"Mwulize kwanza," Angelina akajibu, "mama yake anamwitaje."