Miwani Nne za Sindano

Dada yangu mdogo tulimwita Sindano kwa sababu alikuwa mshonaji, na kwa sababu ya ulimi wake pia. Zamani alitunga uzi hata taa ikiwa imezimika. Pindo lililopinda, alikuwa akisema, ni aibu ya fundi, siyo ya mvaaji.

Mimi nilizunguka na boksi la miwani za kusomea, leo mji huu, kesho ule. Shule niliishia darasa la nne, ila ukivaa koti na kubeba miwani, watu wanakuita daktari. Nami nikaitika. Huko ndiko kulikoniponza.

Mwaka ule nilimpitia mara nne. Mara ya kwanza alisema akiamka kichwa kinambana kama kimefungwa kamba. "Macho hayo," nikamwambia, nikampa namba moja. Mara ya pili alisema akiinama kuokota mkasi dunia inazima, kisha inarudi. Nikampa namba mbili. Mara ya tatu masikio yalikuwa yanavuma kufuata mapigo ya moyo, na uzi mmoja anauona nyuzi mbili.

"Enhe, daktari," akasema, "na masikio nayo yanavaa miwani?"

"Vaa tu, utazoea."

Akacheka, akavaa. Sindano alibishana na kila mtu, lakini mimi kaka yake mkubwa aliniamini.

Mara ya nne nilikuta gauni limening'inia, pindo limekwenda upande. Pindo la Sindano! Na bado nikampa namba nne. Nilipotaka kutafuta kali zaidi, mumewe alifunga boksi kwa mkono wake.

"Shemeji, basi. Hospitali."

Daktari, yule wa kweli, alimmulika ndani ya macho. Kisha akaeleza: maji yanayozunguka ubongo yalikuwa na presha kubwa, yakabana mishipa ya fahamu inayotoka machoni, ikavimba.

"Ilianza lini?"

"Ina miezi minane," nikajibu mimi.

"Mngewahi, tungeokoa mengi."

Walimtoa maji mgongoni, wakampa vidonge. Kichwa kikapoa, uvimbe ukashuka. Lakini jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Siku hizi bintiye ndiye anayekata vitambaa. Sindano mwenyewe anashona mistari mirefu kwa kupapasa. Miwani zangu nne amezitia kwenye kopo la vifungo. Hajanilaumu hata siku moja. Heri angenitukana.

Boksi bado ninalo, riziki ni riziki. Ila anayeniambia kichwa kinamuuma asubuhi, simuuzii kitu, namwonyesha njia ya hospitali.

Nikifika kwa dada yangu nasimama upande wake wa kulia, nakohoa.

"Daktari huyo," anasema, mguu haujaacha cherehani. "Leo umeniletea namba ngapi?"

Nachukua uzi, namtungia sindano.