Shukrani Zangu Zilizonitangulia Sebuleni

Chekeni tu, maana hata mimi nikiikumbuka Idi ile najifunika uso kwa mtandio nikiwa peke yangu jikoni, na wakwe zangu wa Makindye mpaka leo wakiniona nimeshika simu wanauliza, "Zaina, tunyamaze tusikilize?"

Kwanza mjue desturi yao. Siku ya Idi, pilau ikishaliwa na halua haijaguswa, kila mtu anamshukuru mmoja wa jamaa, aliyempata kwa kura, mbele ya wote kwa jambo alilomfanyia mwaka huo, na liwe jambo lenyewe hasa (mwaka wa nyuma nilisema "asante kwa yote", nikaambiwa niketi, na halua nikapewa makombo ya pembeni). Safari hii tulikutana kwangu Bukoto, na kura yangu ikamwangukia Mama, mkwe wangu, ambaye tangu niolewe nilitamani siku moja tu aniite mwanangu badala ya "mke wa Hamidu".

Basi nikaona nisije nikaropoka, bora nijirekodi kwenye simu nijisikilize kabla ya kusimama. Nikajifungia bafuni, nikafungulia bomba kwenye jerikeni ili nisisikike nje (akili hizo!), nikaanza: "Mama, nakushukuru kwa... kwa nini sasa? Kwa kuja kila Jumamosi kufunua masufuria yangu na kuguna?" Nikacheka mwenyewe, nikabonyeza nisikilize. Kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikairudia, nikaibandika simu sikioni, kimya kabisa.

Nikajua haikurekodi. Nikajaribu tena: "Mama, nakushukuru kwa zile chapati zako, ambazo mwanao alisema tukizibandika kwenye bati mvua haipiti." Nikabonyeza. Kimya!

Sasa nikachoka, nikakaa juu ya ndoo, nikaiambia ile simu ukweli wangu kwa kuwa nilishaamini imekufa. "Mama, ile wiki nilipoachishwa kazi kule Ntinda ulikuja na matoke, ukaketi chini tukamenya wote, hukuniuliza hata neno moja, ukafua nguo za watoto ukaenda zako. Ulipotoka nililia. Sikuwahi kukushukuru, na leo mbele za watu naogopa nitalia tena." Nikabonyeza kwa mazoea tu, kisha nikafunga bomba maana jerikeni ilikuwa imefurika, na hapo ndipo nikasikia sauti yangu mwenyewe ikinguruma kutoka sebuleni: "...naogopa nitalia tena."

Spika! Asubuhi ile mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, niliiunganisha spika ya Hamidu na simu yangu ili wageni wasikilize kaswida.

Nilitazama dirisha la bafu (lina nondo, na mimi baada ya pilau ile nisingepita hata bila nondo). Nikatoka. Hamidu alikuwa anakagua zulia kama anataka kulinunua, mawifi zangu wameuma mitandio, na mmoja wao, Sauda, asiye na haya hata kidogo, akapiga kelele, "Bambi, tafadhali, Zaina, weka tena ile ya chapati!"

Mama hakucheka. Akaniashiria niketi karibu yake, nami nikaketi, nikijua lile jina la "mwanangu" nimelipoteza milele.

"Chapati zilikuwa ngumu," akasema. "Unga ule ulikuwa mbaya. Lakini hili la mwisho, mbona umeliweka mpaka Idi? Siku ile nilirudi Makindye nikidhani umekasirika, kwamba nimeingilia nyumba yako."

"Hapana, Mama, wallahi."

"Kale, sawa. Na masufuria nayafunua nione kama mnakula, mwanangu. Kazi huna, na wewe si mtu wa kusema."

Mwanangu! Nikalia pale pale, kama nilivyokwisha kuwatangazia, na Sauda akalia kuliko mimi, halua ikapoa hakuna aliyeikumbuka.

Tangu hapo nimeapa: spika nimempa Sauda, na asante siiweki tena ingoje sikukuu. Jumamosi Mama akiingia, akafunua sufuria, akaguna, namwambia hapo hapo, "Asante, Mama." Naye anafunika, anafunua la pili.