Ardhi Tupu Mbele ya Mlango wa Mwalimu

Nakumbuka asubuhi niliyoteremka garimoshi Nakuru, mwanangu, nikitoka kwetu Marangu, Tanganyika, nikiwa na cheti cha ualimu, viatu vipya na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimepewa mkataba wa mwaka mmoja kufundisha wasichana wa darasa la kwanza katika shule ya watoto wa wafanyakazi wa reli. Nakueleza haya kwa sababu juzi umeniambia umepata kazi ya kufundisha ng'ambo, na nimeona ulivyofurahi. Furahi, lakini kwanza keti unisikilize.

Nyumba zetu zilipangwa mistari mistari, na mbele ya kila mlango palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi mikeka miwili. Majirani zangu, wengi wao watu wa magharibi mwa Kenya, walipanda kunde na saga, mboga chungu ya kwao, hadi kwenye kizingiti. Changu kilikuwa kitupu. Vumbi jeupe la ziwani likivuma linaingia ndani, ninafagia, ninanuna. Kwa nini nijichafue mikono, nami Desemba narudi kwetu?

Mwalimu mkuu aliniambia mapema: wasichana wasipofika kumi na watano ifikapo mwisho wa muhula, darasa litafungwa nami nitarudishwa nyumbani. Nilikuwa na sita. Basi kila jioni nikapita mlango hadi mlango, nikiwahutubia akina mama juu ya faida za elimu kwa Kiswahili changu cha chuoni, ambacho nilikipenda mno. Walinipa chai, wakanisikiliza kwa adabu, wakasema, "Tumesikia, mwalimu." Kesho yake haji mtoto hata mmoja.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa Mama Esta, mke wa fundi wa injini, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika stesheni. Ndiye aliyenifundisha kupika saga kwa maziwa mpaka uchungu ukatulia. Siku moja nikamlalamikia kwamba wanawake wa pale hawajui thamani ya shule. Hakucheka.

"Mwalimu, usikasirike, nikuulize. Hii shamba yako imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Mimi ni wa mwaka mmoja tu."

"Ndiyo hiyo! Sisi wote tunaiona. Mwalimu wa kwanza alikaa miezi tatu. Wa pili akaenda watoto wamejua tu kuandika jina. Msichana akienda shule, mama anabaki na mtoto mchanga, anaacha kuuza mboga soko, nyumba yote inageuka. Halafu mwalimu anapanda treni! Hapa mtu wa kukaa analima. Wewe hujaweka hata kitunguu."

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli, maana nilikuwa nimewaita wajinga watu waliokuwa wakinisoma vizuri kuliko nilivyowasoma. Nikamwomba jembe. Akakataa!

"Usilime ya kutudanganya," akasema. "Fikiria kwanza."

Nikafikiri wiki nzima. Nilimkumbuka mama, nikakumbuka mvua ya kwetu, nikalia mara mbili, na sioni haya kusema. Lakini kila nilipowasikiliza wale sita wangu wakisoma kwa sauti, jibu nililijua. Nikamwendea mwalimu mkuu, nikamwomba mkataba wa miaka mitatu. Akasema atanipa, iwapo darasa litapona. Nikamwandikia mama kwamba Desemba asinitazamie, ila anitumie chipukizi la mgomba. Likaja kwa garimoshi, limefungwa gunia na majani makavu. Nikalipanda mchana kweupe, mbele ya mlango, kila mtu akiona. Wale akina mama walikuwa wakulima; walijua mgomba hauzai leo wala kesho.

Jumatatu iliyofuata aliyekuja shuleni wa kwanza alikuwa Mama Esta mwenyewe, mtoto mchanga mgongoni, amemshika mkono Esta, bintiye wa miaka minane. Nilikuwa nimekula kwao mara nyingi, nikimwona Esta akibembeleza mdogo wake, na siku zote hizo mama yake hakuthubutu kunikabidhi.

"Sasa huyu ni wako," akaniambia. "Usimwache njiani."

Muhula ulipoisha walikuwa kumi na tisa. Sikumwacha njiani; miaka mitatu ilipokwisha nikaomba mingine. Esta alipokwenda kusomea ualimu, mimi na mama yake ndio tuliomsindikiza.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifika huko usianze kwa kuwaambia watu wanachokosa. Toa nguo zako sandukuni siku ya kwanza. Kula chakula chao, na ujue jirani yako anaogopa nini kabla hujamlaumu. Ukijua utaondoka, waambie mapema wapange maisha yao. Hiyo nayo ni heshima. Ila ukisema utakaa, kaa, hata siku utakayolilia kwenu. Mimi nililia, na darasa likasomeshwa vilevile.

Nenda, Mungu akutangulie. Akupe jirani wa kukuambia ukweli na kifua cha kuustahimili, na siku moja mama wa nchi ya watu auweke mkono wa mtoto wake katika mkono wako, ageuke aende zake bila wasiwasi.