Wembe na Wimbo wa Kikombe

Karatasi iliyobandikwa mlangoni iliandikwa "Anatakiwa kinyozi". Haikusema mwanamume wala mwanamke, na hiyo ndiyo hoja pekee mwanamke mmoja msusi aliyoingia nayo dukani. Saluni alikokuwa akisuka nywele ilikuwa imefungwa, mwenye saluni amehama na viti vyake, na msusi asiye na kiti ni kama mpishi asiye na jiko: sifa anazo, moshi hana.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Umekuja kumfuata mume?"

"Nimefuata karatasi ya mlangoni."

Benchi zima la wateja likacheka. Mzee mwenye duka hakucheka. Alimtazama mikono kwanza, kisha uso, akamwambia atundike mkoba wake kwenye msumari. Tangu siku hiyo wanaume wa pale wakamwita Msusi, kwa namna ile ya kumkumbusha mtu kwamba kwao si hapa.

Kila mtu alijua kwa nini karatasi ile ilibandikwa. Mkono wa kulia wa Mzee ulikuwa umeanza kutetemeka, na kinyozi anayetetemeka, hata awe bingwa wa mabingwa, wateja humwamkia kutoka ng'ambo ya barabara. Mzee naye hakuficha. "Kukata nywele kwa mashine hata mbuzi akifundishwa atakata," alimwambia Msusi. "Mimi duka langu ni la wembe. Siku nitakayokuona umemnyoa Dereva, mashavu na shingo, bila kumtoa damu, kiti cha pili ni chako na duka linaendelea. Ukishindwa, nafunga, nakwenda kulea wajukuu."

Dereva alikuwa mzee aliyeendesha malori mpaka macho yakamwambia basi. Shingo yake ilikuwa na mikunjo kama pazia lililosogezwa pembeni, na hasira zake zilikuwa karibu kama kibiriti mfukoni. Lakini neno lake ndilo lililofuatwa na benchi. Kiti alichokaa Dereva, wengine walikikalia. Alichokikataa, kilibaki cha kuwekea magazeti.

"Sawa," alisema Msusi. "Nitamnyoa."

"Kwanza usikilize," alisema Mzee, akaenda kuwasha kinanda cha santuri.

Hapo ndipo yalipoanza mateso yake. Kwenye duka lile ilipigwa santuri moja tu, asubuhi hadi jioni, upande huu na upande ule. Iliitwa *Baada ya Wageni Kuondoka*. Kwenye jalada lake, mwanamume mmoja aliyevaa suti alikuwa ameketi peke yake ukumbini, viti vyote vimepinduliwa juu ya meza, kofia yake iko magotini kama sahani ya mtu anayesubiri chakula ambacho hakiji. Nyimbo zote zilikuwa za huzuni. Katika mmoja mwanamume anafagia chumba baada ya sherehe, anaokota pini ya nywele. Katika mwingine jirani anamsalimia, anamuuliza "mwenzako mzima?", naye anaitikia kuwa mzima.

Msusi alikuwa ametoka kwenye saluni ambako redio iliimba kwa kelele, na mikono ilisuka kwa kasi ya midomo. Kwake muziki ulikuwa kitu cha kuchangamsha miguu. Huyu mwimbaji wa santuri, Msusi alimwona kama mtu anayemwomba jirani radhi usiku kucha kwa kosa ambalo jirani ameshalisahau. Sauti hakuipandisha. Alipotarajiwa kulia, aliishusha zaidi, kama mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala. Na alichelewa! Fidla zinafika, piano inafika, yeye bado yuko nyuma, anafunga kamba za viatu. Neno linakuja pale ambapo umeshakata tamaa nalo.

"Mzee," aliuliza siku ya tatu, "huyu bwana hakuwa na siku ya furaha hata moja?"

"Alikuwa nazo nyingi. Siku hizo hakwenda studio."

Jioni alifanya mazoezi nyumbani kwa dada yake alikokuwa akiishi. Alipuliza puto, akalipaka povu la sabuni, akalinyoa kwa wembe. Mengi yalipasuka. Jirani aligonga ukuta.

"Mdogo wangu," alisema dada yake akifuta povu kwenye nyusi, "sherehe hii ya nani, isiyokwisha?"

"Ya Dereva."

"Na huyo Dereva ana mke?"

"Ni mjane, dada. Na ana mikunjo. Nipulizie jingine."

Dada mtu akapuliza, akinung'unika kwamba yeye alimlea mdogo wake ili awe mwalimu. Msusi hakuacha. Mikono iliyozoea kukimbia aliifundisha kutembea. Aligundua, bila kupenda, kwamba inatembea vizuri zaidi akiuimba kichwani wimbo wa yule bwana anayechelewa. Alimchukia kwa hilo, kama tunavyomchukia mtu aliyetuazima mwavuli. Mwishowe puto likatoka kwenye povu likiwa zima, safi, linang'aa kama kipara.

Fundi waliyemwita Mpaka Rangi ndiye aliyeitoa shingo yake. Alikuwa na kibanda chake cha ndoo na brashi mlango wa pili, na mdomo wake haukuwa na mfuniko. "Nyoa, shemeji," alisema akijitupa kitini. "Ukinimaliza, rangi zangu wape watoto."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Msusi akaweka wembe mpya kwenye mpini, akanyoa mashavu, kidevu, akashuka shingoni. Mkono haukutetemeka. Santuri ilikuwa kwenye wimbo ambao pale dukani waliuita wa kikombe, na yule bwana alikuwa akiimba polepole:

*Chako kikombe naosha,*
*japo hakuna mnywaji.*

Kikoromeo cha Mpaka Rangi kikapanda ghafla kama panya chini ya mkeka, kikakutana na wembe.

"Lo! Nimechinjwa!" Mpaka Rangi aliruka na taulo lake. "Jamani, semeni nilikuwa mtu mwema!"

"Tutadanganyaje mbele ya watu?" mmoja akauliza kutoka kwenye benchi.

Ulikuwa mkwaruzo tu. Mzee aliukandamiza kwa jiwe la shabu, damu ikakatika. Kisha akamgeukia Msusi, bila kugomba.

"Umemkata wapi?"

"Shingoni, Mzee. Kwenye kikoromeo."

"Na wimbo ulikuwa umefika wapi?"

Msusi hakuwa akiusikiliza, alikuwa akiutumia tu, kama mtu anavyotumia ngazi bila kuhesabu vidato vyake.

"Basi wembe weka chini. Shika ufagio, usikilize."

Aliporudi nyumbani siku hiyo dada yake alimwambia kuna shule ndogo inatafuta mtunza stoo. "Mshahara una tarehe, na stoo haitoki damu," alisema. Msusi alikula, akaosha vyombo, kisha akajibu: "Dada, niliingia pale kwa mguu wangu. Nikitoka, natoka na wembe."

Akafagia. Na kwa kuwa mfagiaji haonwi na mtu, yeye akaona. Wanaume waliegemea kitini, wamefumba macho, nyuso zimefichwa na povu, na Mzee aliwanyoa kwa mkono wake wa kushoto aliokuwa akiulazimisha kujifunza uzeeni. Msusi aliacha kutazama mkono. Alitazama makoo. Yule bwana wa santuri alipomaliza kusema "naosha", alivuta pumzi, akanyamaza kidogo kabla ya "japo". Na katika kimya kile kila mwanamume aliyekuwa kitini alimeza mate. Mwenye mke alimeza, asiye na mke alimeza. Hata Mpaka Rangi, aliyekuja kukata nywele tu na kutoa maneno ya bure, alimeza, kisha akakohoa ili ionekane ni vumbi.

Kumbe ndivyo. Wanaume hawa hawakulia mbele ya watu, walimeza. Yule bwana mwenye suti alijua mahali pa kuwaachia nafasi ya kumeza, na kila wimbo ulipofika pale, wembe wa Mzee ulikuwa shavuni, mbali na koo.

Tangu hapo Msusi akaijifunza santuri ile kama mtu ajifunzavyo njia yenye mashimo. Wimbo wa ufagio ulikuwa wimbo wa salama, unaweza kushuka shingoni bila wasiwasi mpaka ile pini ya nywele iokotwe. Wimbo wa jirani ulikuwa mbaya mwanzoni, mzuri mwishoni. Na katika kuyahesabu mashimo, akajikuta anaipenda njia. Alianza kusikia kwamba yule bwana hachelewi kwa uvivu. Alikuwa anamsubiri mtu, kila mstari, akimwachia mlango wazi kidogo kabla hajaufunga.

Mzee akamrudishia wembe. Akamnyoa Mpaka Rangi tena, bila tone. Mpaka Rangi alijipapasa shingo mbele ya kioo. "Nimepona," alitangaza, "lakini shemeji bado ananitia hofu. Ndoa inanitosha, sasa na kinyozi!"

Ikabaki Dereva.

Alikuja asubuhi ya Jumamosi, benchi limejaa. Mzee akamwambia, "Leo utakaa kiti cha pili."

"Kiti cha pili kina nini?"

"Kina mtu anayejua kazi."

Dereva alimpima Msusi kwa macho kama anavyopimwa fundi kabla ya kupewa funguo za gari. "Binti, ulishawahi kunyoa mzee?"

"Nimenyoa mpaka puto, Baba. Halina subira kama mzee."

Kona ya mdomo wa Dereva ikasogea. Akakaa. "Niwekee wa kikombe," alisema.

"Mwekee wa ufagio!" Mpaka Rangi akadakia kutoka kwenye benchi. "Wa kikombe una damu yangu!"

Hata Mzee alimtazama Msusi kana kwamba angemruhusu kuchagua. Msusi akaiinua sindano mwenyewe, akaishusha kwenye wimbo wa kikombe. Alikuwa hataki kiti cha kuonewa huruma.

Akanyoa shavu la kulia. Akajipangia: mstari wa kikombe utakapopita atakuwa shavu la kushoto, kisha atashuka shingoni katika ule mwisho wa piano peke yake, usio na maneno, ambapo hakuna koo alilowahi kuliona likisogea. Wimbo ukafika "naosha". Kimya. Kwenye benchi, watu wakameza. Dereva hakumeza. Alilala palepale, shwari, kama maji ya mtungi.

Kipande cha maneno kikaisha, ikabaki piano. Msusi akauvuta mkunjo wa kwanza wa shingo kwa kidole gumba, akaunyoosha, akaushusha wembe. Ukapita vizuri. Akauvuta wa pili. Na hapo, chini ya kidole, akahisi kitu ambacho santuri haikumwambia: ngozi ilikazika kidogo, kama kamba ambayo mtu wa upande wa pili ameishika. Hakufikiri. Aliinua wembe.

Koo la Dereva likapanda, likashuka. Likapanda tena. Piano iliendelea kudondosha sauti zake moja moja. Msusi alisimama na wembe hewani, kidole bado kiko shingoni, hakusogea, hakusema pole. Chini ya piano ulisikika mkwaruzo wa sindano.

"Nyumbani, wimbo ukifika hapa," alisema Dereva akiwa amefumba macho, "mama watoto alikuwa anakuja kupunguza sauti. Ananiuliza, 'Umekula?' Kila siku. Hata kama ameniona nikila."

Msusi alisubiri kidole kimwambie. Ngozi ikalegea.

"Endelea, binti."

Akaendelea. Mkunjo wa tatu, wa nne, chini ya sikio, chini ya kidevu. Santuri ilikuwa imeisha, sindano inakwaruza kwenye mstari mtupu, na hakuna aliyenyanyuka kuiondoa. Yeye alinyoa kwa pumzi za yule mzee, zikiingia na kutoka. Alipomaliza akamfuta kwa taulo la uvuguvugu, akampa kioo cha mkono.

Dereva alijitazama shingo huku na huku, akajipapasa kwa kiganja kinyume cha vinyweleo. Benchi likasubiri.

"Jumamosi ijayo nakuja mapema," alisema. "Sipendi foleni."

Mpaka Rangi alikuwa tayari amesimama, anavua shati. "Zamu yangu! Shemeji, mimi ndiye niliyemwaga damu kwa ajili ya kiti hiki, nina haki."

"Kaa chini wewe," alisema Mzee.

Alivua koti lake la kazi, akalitundika. Kisha yeye, ambaye hapana mtu pale aliyewahi kumwona akinyolewa, akaketi kwenye kiti cha pili, akaikunja mikono yake miwili magotini, ule unaotetemeka chini, mwingine juu yake. Akaegemeza kichwa nyuma.

"Mzee, niweke upande gani wa santuri?" Msusi aliuliza.

"Utakaoona wewe."

Msusi akaiacha santuri ilivyo, akaweka wembe mpya kwenye mpini, akapaka povu, akaweka kidole shingoni pake, akangoja.