Yustus, Mashine na Mama Mkwe

Yustus Kahigi wa Kihanga ana maringo kuliko jogoo wa padri, na chanzo cha maringo hayo ni programu moja kongwe. Ndiyo inayopanga kahawa ya chama chetu cha ushirika kwa madaraja na kuchapa stakabadhi. Iliandikwa zamani kwa ajili ya kompyuta iliyoendeshwa na Unix, mfumo wa enzi hizo, na aliyeiandika tulishamzika. Ile kompyuta ilipokufa, sisi wapima magunia tulijua na programu imekwenda nayo.

Yustus akaleta kompyuta mpya inayoendeshwa na mfumo mwingine, Linux. Programu ikagoma, maana yenyewe imezoea kuongea na Unix tu. Ndipo akachomeka ndani kabisa ya Linux, kwenye kiini chake, kipande anachokiita moduli. Kazi yake ni ukalimani: programu inaomba kitu kwa Kiunix cha mababu, moduli inageuza, Linux inatii. Kikongwe kinadhani bado kiko kwao. Ila mkalimani huyo anaelewana na kiini kilekile tu. Kikibadilishwa, hasemi kitu. Kwa hiyo mashine ilipigwa marufuku kugusa mtandao, isije ikajisasisha na kujiwekea kiini kipya.

Meneja wetu Clavery, bwana mwenye tumbo na haraka, alimwambia Yustus mbele yetu sote kwamba programu ikileta matatizo msimu huu, arudi kwenye migomba yake.

Basi akaja ofisini Benadeta kutoka Bweranyange, mama mzazi wa Jovitha, yule mke wa Yustus. Mdogo wake Jovitha alikuwa amejifungua huko Mwanza, na kwenye kioo kidogo cha simu bibi haoni kitu.

"Shikamoo mama," Yustus akauambia ukuta.

"Marahaba, mkwe. Niwashie hapo kwenye kioo kikubwa nimwone mjukuu."

Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kumkatalia. Yustus, pamoja na domo lake lote, aliunganisha mtandao huku amempa mgongo. Mama akacheka na kichanga mpaka kikalala. Mashine nayo ikapakua masasisho kimyakimya.

Asubuhi magunia yalipanga foleni hadi barabarani. Yustus akawasha, moduli ikakataa, programu kimya. Anajua kuudhi, lakini siku hiyo nilimwonea huruma.

"Nani kaunganisha mtandao?" Clavery akafoka.

"Mimi."

Hakumtaja mama wa watu, na hapo nilimpenda. Akazima, akawasha upya. Linux huwa haikitupi kiini cha zamani, inakiweka pembeni. Akakichagua hicho, moduli ikakubali, na stakabadhi ya kwanza ikatoka. Wakulima wakashangilia.

Clavery hakushangilia. "Mtandao ukigusa tena mashine hii, wewe unaondoka kazini siku hiyohiyo."

Hajafunga mdomo, Benadeta akaingia na kitenge kipya, kapaka mafuta usoni.

"Mkwe, washa. Leo kaamka."

Clavery akakunja mikono. Yustus alisimama akiwa amempa mama mgongo, jasho likimtoka. Kisha akageuka na kumtazama machoni.

"Hapana, mama. Nikiwasha nafukuzwa kazi."

Sote tukaangalia chini, hata Clavery. Benadeta akakaa juu ya gunia, akamkagua mkwewe kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Kumbe ana sura! Miaka yote hii nilijua Jovitha wangu kaolewa na kisogo."